Mbio za Kando ya Ziwa na Swali la Mzazi wa Garsen



Mzazi mmoja wa Garsen ametuletea barua tuliyoisoma zaidi ya mara moja kabla ya kuijibu. Aeleza kwamba vijana wa mtaani kwake wamezoea kutoka baada ya sala ya Alfajiri na kukimbia kwenye barabara ya lami kuelekea Minjila, kisha hurudi. Walianza watano, sasa wamepindukia ishirini, na miongoni mwao wamo Wapokomo, Waorma, Wawardei na Wagiriama. Wamepata fikira ya kuandaa mbio ndefu zitakazofika Ziwa Shakababo, upande wa Ngao, nao wataka ziwe mwezi wa Aprili, kwa kuwa wameona katika televisheni kwamba ndio mwezi ambao miji ya ng'ambo hukimbia. Hilo peke yake lisingemfanya mzee wetu huyu ashike kalamu. Lililomfanya aandike ni kwamba binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, naye amekuwa akitoka pamoja na kaka yake, na majirani wameanza kusema.

Maswali yake ni matatu. Je, huu si mchezo tu wa kupotezea wakati? Je, amkataze binti? Na je, mbio hizo zawezekana kweli katika nchi kama ya Garsen? Twashukuru kwamba ameuliza kabla ya kukataza.

Marathoni ni mbio za kilomita 42 na mita 195. Kipimo hicho chenye mita za ziada kilipatikana London katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1908, na hakikuwa kanuni ya kudumu hadi 1921. Kwa mtu wa kawaida aliyejizoeza, ni kazi ya saa nne au tano. Kwa bingwa ni saa mbili na kitu: marehemu Kelvin Kiptum aliimaliza mjini Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, na miezi minne baadaye akafariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 24. Nusu marathoni ni kilomita 21 na kidogo. Chini ya hapo ziko za kilomita 10 na 5, ambazo hata mama mwenye wajukuu aweza kuzitembea kwa miguu na kufika salama.

Sisi wa pwani tumezoea kusema kwamba mbio ni za watu wa bara. Ni kweli kwamba milima ina faida yake, na mabingwa wengi wa Kenya wametoka nyanda za juu za Bonde la Ufa. Hata hivyo, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, jina lake ni Ibrahim Hussein, mwana wa Kapsabet. Na mwaka uliofuata akawa Mwafrika wa kwanza kushinda ile ya Boston. Siku hiyo ya Boston alikimbizana hadi hatua za mwisho na Juma Ikangaa wa Tanzania, wakaachana kwa sekunde moja tu. Sekunde moja baada ya kilomita 42! Juma akawa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, lakini katikati ya miaka hiyo, mwaka 1989, alikwenda New York akashinda. Majina ya watu hao wawili hayahitaji mkalimani katika msikiti wowote kutoka Lamu hadi Vanga.

Sasa, kuhusu mchezo. Mzee wetu asema kwamba mtu mzima akionekana anakimbia barabarani bila kufukuzwa, heshima yake yapungua. Twaielewa hisia hiyo. Wengi wetu tumelelewa nayo. Lakini tukirejea kwa masahaba twamkuta Salama bin al-Akwa', radhi za Allah ziwe juu yake, aliyejulikana kwa wepesi wa miguu yake. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba walipokuwa wakirudi Madina kutoka safari ya Dhu Qarad, Salama alikuwa amepandishwa nyuma ya Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake. Mtu mmoja wa Ansari, ambaye hakuwa ameshindwa na yeyote kwa mbio, akawa anaita: nani atashindana nami hadi Madina? Salama akamwomba Mtume ruhusa, akaruhusiwa, akaruka chini. Jambo tulipendalo katika simulizi hiyo ni namna alivyokimbia. Hakutoka kwa pupa. Alijizuia mwanzoni, kilima kimoja au viwili, ili asiishiwe pumzi, kisha ndipo alipoongeza mwendo akamfikia mwenzake na kumpita. Mwalimu yeyote wa marathoni leo, awe Iten au Addis Ababa, huwafundisha vijana wake jambo hilohilo, nao hawalitii, kwa sababu kijana akisikia firimbi husahau yote aliyofundishwa.

Kama mbio zingekuwa jambo la kushusha hadhi, ruhusa hiyo isingetolewa, tena na Mtume mwenyewe, tena safarini, mbele ya watu.

Tufike kwenye swali la binti, ambalo kwa hakika ndilo barua yenyewe. Kila Mwislamu aliyesoma kidogo ajua kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Mama wa Waumini Aisha, naye Aisha akashinda, kisha miaka ikapita, mwili wake ukaongezeka, wakashindana tena, naye Mtume akashinda na kumtania kwamba amelipa deni. Hadithi hiyo imo katika Sunan za Abu Daud. Watu huitaja kwa kicheko kisha wakaipita. Katika baadhi ya mapokezi yake limo jambo dogo ambalo twaliona ni kubwa: kabla ya mbio, Mtume aliwaambia waliokuwa pamoja naye watangulie mbele. Hakusema kwamba mwanamke asikimbie. Aliwapitisha watu wengine kwanza, nafasi ikapatikana, ndipo wakakimbia. Hapo pana jibu zima kwa mzazi wa Garsen, nalo ni jibu lenye kazi ndani yake, kwa kuwa kukataza ni neno moja tu, bali kuandaa nafasi kwataka mtu wa kuamka mapema.

Tungependa pia majirani wanaosema wajue kwamba hofu yao haikuanzia Garsen, wala si ya Waislamu peke yao. Huko Boston, ambako mbio zimekimbiwa tangu 1897, wanawake hawakuruhusiwa rasmi hadi mwaka 1972. Kabla ya hapo walikuwako walioingia kwa kujificha, na mwaka 1967 msimamizi mmoja alitaka kumtoa mwanamke kwa nguvu katikati ya njia. Watu wenye elimu zao walisema kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili masafa hayo. Katika Olimpiki, marathoni ya wanawake haikuwako hadi mwaka 1984, mjini Los Angeles. Miaka mingapi ya wasichana ilipotea kwa ajili ya dhana ambayo hakuna aliyeipima?

Tena yuko mfano wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 11 Agosti 2024, mjini Paris, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya wanawake ni Sifan Hassan, anayeiwakilisha Uholanzi. Alizaliwa Adama, katika nchi ya Waoromo wa Uhabeshi, akaondoka huko akiwa mkimbizi mwenye umri wa miaka 15. Wazee wa Kiorma wa Tana wakimsikia mtu wa Adama akizungumza lugha ya huko hawatahitaji mtu wa kuwafasiria kila neno, kwani Kiorma na Kioromo ni ndugu wa tumbo moja. Siku mbili kabla ya marathoni hiyo alikuwa amekimbia mita 10,000 na kupata shaba. Alipopanda jukwaani kupokea dhahabu alikuwa amejifunika hijabu, naye ulimwengu mzima ukamtazama.

Kwa hiyo tumjibu mzee wetu waziwazi: usimkataze. Lakini usimwachie kaka yake mzigo wote wa kumlinda. Wapatikane wasichana wengine watatu au wanne, kwani msichana mmoja kati ya wavulana ishirini ni gumzo, bali wasichana watano ni kikundi. Awepo mwanamke mtu mzima, mama au shangazi au mwalimu, hata akiwa anafuata kwa baiskeli au amekaa nyuma ya bodaboda ya mtu anayeaminika. Kundi la wasichana litangulie au lifuate, si lazima lichanganyike. Mavazi yawe suruali pana nyepesi, shati refu la mikono na mtandio uliofungwa ukashika. Buibui si vazi la kukimbilia, hujikanyaga, na pamba nzito ikilowa jasho huchubua ngozi. Hayo si mambo magumu. Ni mambo ya nyumbani, na mama wa watoto atayajua kuliko sisi.

Lipo moja ambalo twamkatalia binti, na tungemkatalia hata angekuwa kijana wa kiume. Kilomita 42 si za mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mbio nyingi kubwa duniani hazimpokei mtu wa chini ya miaka 18 katika masafa hayo, na wanayo sababu: mifupa na viungo bado vyakua, na mazoezi ya marathoni ni miezi mingi ya kugongagonga lami. Akimbie kilomita 10. Azikimbie vizuri, amalize akiwa na nguvu ya kucheka, na hizo nyingine zitamngoja.

Swali la tatu ndilo lililotuchukua muda, kwa sababu vijana wamechukua kalenda ya watu wengine. Huko Boston na London watu hukimbia Aprili kwa kuwa ndio mwisho wa baridi. Theluji imeyeyuka, miti yachipua, hewa ni ya kupendeza, na joto halijaingia. Ni majira yao ya kupumua. Aprili ya Garsen ni kitu kingine kabisa. Ni masika. Mto Tana, ambao umekusanya maji ya Mlima Kenya na Nyandarua na kuyavuta mwendo wa takriban kilomita 1,000, huja kuyamwaga kwetu. Mtu wa Garsen hahitaji kukumbushwa mwisho wa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipoifanya barabara ya Lamu kukatika, watu wakavuka kwa maboti mahali walipozoea kupita kwa basi. Wala hahitaji kukumbushwa Aprili na Mei ya 2024, maji yaliporudi kabla ya matope ya kwanza kukauka vizuri. Kuandika katika tangazo kwamba mbio ni Aprili ni kuwaalika watu wasikoweza kufika.

Wala tusiyalaumu mafuriko kana kwamba ni adui tu. Ziwa Shakababo ni mtoto wa mafuriko. Halina chemchemi yake. Laishi kwa maji ambayo mto huyamwaga unapofurika, na mto ukikosa kufurika misimu kadhaa, ziwa hunywea, wavuvi wa kambare na kamongo wakakunja nyavu. Kwa hiyo yeyote atakaye kukimbia kando ya ziwa lenye maji hana budi kuusubiri mto umalize kazi yake kwanza. Twaona wakati ufaao ni baada ya masika, upepo wa kusi ukiwa umeshika, Julai au Agosti: maji yamepungua njiani lakini yamo ziwani, nyasi ni mbichi, na joto limelegea kidogo. Na hapo hata mazoezi yataangukia mahali pema. Katika miaka hii Ramadhani imekuwa ikifika Februari na Machi, ndani ya kaskazi yenye joto kali. Anayefunga akimbie kidogo tu, ama muda mfupi kabla ya kufuturu ama baada ya Tarawehe, asitafute kuongeza masafa. Baada ya Idi ndipo aanze kujenga, taratibu, na miezi mitatu au minne yamtosha aliyekuwa tayari na mazoea. Wenzetu wa Moshi hukimbia mbio zao za Kilimanjaro mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi tangu mwaka 2003, nao wa Lewa hukimbia Juni. Kila mji umesoma mbingu zake.

Kisha iko saa. Joto latuambia tuanze alfajiri. Ziwa latuambia tusifanye hivyo. Viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na alfajiri ndio wakati wa kurudi. Na hakuna jambo linalomuudhi kiboko kama kumkuta mtu kati yake na maji. Mamba naye hana saa maalumu. Vijana wakipiga mbio kwenye ukingo katika giza wakiwa na vipaza sauti masikioni, basi wameyataka wenyewe. Dawa ni kuipanga njia kwa akili: kuanzia mjini, baada ya Alfajiri, kwa kilomita za lami zilizo wazi, ili jua liwe limeshachomoza na wavuvi wameshashuka kazini kabla mkimbiaji wa kwanza hajafika ziwani. Na wavuvi hao waulizwe. Wao wajua ni wapi mnyama hupenda kutokea mwezi huo, jambo ambalo hakuna ramani itakayolieleza.

Kuhusu mwili tutasema machache, kwa kuwa tumewahi kuandika juu ya joto katika kurasa hizi. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini, na akiba hiyo, kwa watu wengi, huelekea kwisha kati ya kilomita 30 na 35. Hapo ndipo mtu aliyekuwa akiimba huanza kutafuta mahali pa kuketi. Wanamichezo hupaita ukuta. Njia ya kuupita ni kutoanza kwa kasi, kama Salama, na kula kidogo kidogo njiani: tende, ndizi mbivu, maji yenye sukari na chembe ya chumvi. Maji matupu mengi kupita kiasi nayo ni hatari, kwani huipunguza chumvi ya damu. Mtu akionekana anayumba, anajibu mambo yasiyoeleweka, ngozi yamchoma, asiambiwe ajikaze. Atolewe njiani, amwagiwe maji, apepewe kivulini, na apelekwe hospitali. Mwendo wa mazoezi uwe ule ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Viatu viwe vya kukaa vizuri mguuni, wala si lazima viwe vya bei. Abebe Bikila wa Uhabeshi alishinda Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, ingawa twawasihi vijana wetu wasimwige kwenye lami ya saa nne asubuhi ya Garsen.

Vijana wanuia pia kila mkimbiaji atoe ada, na fedha zote zilizokusanywa apewe mshindi. Hapo twawasimamisha. Wanazuoni wengi wameona kwamba washindani wakichanga fedha wenyewe kwa wenyewe ili mmoja wao azichukue zote, jambo hilo laingia katika mlango wa kamari, hata kama wote wameridhika. Bali zawadi ikitolewa na mtu wa nje asiyeshindana, mfanyabiashara, chama au serikali ya kaunti, jambo huwa jepesi. Ada yao basi iwe ya maji, ya ambulensi na ya fulana, wahesabiwe hadharani, na zawadi itafutwe kwingine. Wamwendee kadhi au imamu wao wamweleze kwa ukamilifu. Swali la nusu huleta fatwa ya nusu.

Tumeliacha kwa makusudi jambo ambalo mzee wetu aliligusa kwa mstari mmoja tu katika barua yake. Aliandika kwamba mwanawe akichelewa kurudi, yeye hufikiri mambo ya mwaka ule. Hakuutaja mwaka, hakuwa na haja. Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakafa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ikawa Kipao. Hesabu yote ilipita 100. Chanzo kilikuwa kilekile ambacho kila mtu wa Tana akijua tangu utotoni: ng'ombe wataka maji, shamba lataka ukingo, na mto ni mmoja. Mwaka huohuo wa 2012, Delta ya Tana iliandikishwa miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ulimwengu uliihesabu thamani ya ndege na mikoko yake katika mwaka ambao watu wake walikuwa wakizikana.

Vijana hao ishirini walikuwa watoto wadogo wakati huo, na baadhi yao hawakuwa wamezaliwa. Leo mwana wa mkulima na mwana wa mfugaji hupumua kwa pamoja alfajiri, bega kwa bega, na hakuna aliyewaitia semina. Tusilikuze jambo hili kupita kipimo. Mbio hazigawi ardhi wala hazichimbi kisima. Ila tumeona kwingineko kwamba husaidia. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alianzisha mwaka 2003 wakfu wake wa amani, akawa anaandaa mbio kama zile za Kapenguria ambako Wapokot, Waturkana, Wakaramoja na jirani zao, watu waliokuwa wakiibiana mifugo kwa bunduki, hukimbia katika njia moja. Na wengi wetu tuliiona ile marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo, Japani, Agosti 2021: Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, wote wawili wazaliwa wa Mogadishu, wakiwa katika mita za mwisho. Nageeye alikuwa na nguvu ya kumwacha mwenzake. Badala yake akawa anageuka nyuma, anampungia mkono, anamhimiza asilegee, hadi wote wawili wakampita Mkenya Lawrence Cherono, wakachukua fedha na shaba. Tulisikitika kwa ajili ya Cherono, na bado tulifurahi.

Basi njia ya kwenda ziwani itapita katika mashamba na itapita katika malka, zile njia ambazo mifugo hushukia mtoni kunywa. Hapa twawaomba vijana wawe waangalifu kuliko mahali pengine popote. Asubuhi ndiyo saa ya mifugo. Kundi la watu mia wenye fulana za rangi kali wakitokea mbio mbele ya ng'ombe wenye kiu, ng'ombe watatawanyika, wataingia shambani, na kabla ya adhuhuri patakuwa na kesi kwa chifu, na huenda pakawa na jambo baya kuliko kesi. Kufunga malka kwa kamba, hata kwa saa mbili, ni neno zito kwa mfugaji. Yeye hatasikia mbio, atasikia kwamba amefungiwa maji.

Kwa hiyo kabla ya tangazo, kabla ya fulana, kabla hata ya kupima njia, waende wawili wawili: Mpokomo aende pamoja na Muorma kwa wazee wa mifugo, na hao hao wawili waende kwa wazee wa mashamba. Waulize ng'ombe hushuka saa ngapi mwezi wa Julai, na malka ipi hutumiwa maji yakiwa yamejaa. Mzee akisema kwamba mifugo hupita saa moja unusu, mbio zipite hapo saa mbili unusu, au njia igeuzwe. Awekwe mchungaji mmoja kila panapovukwa, apewe fulana kama wengine na chai yake, na yeye ndiye awe mwenye kauli: akiinua fimbo, wakimbiaji wasimame, awe wa kwanza au wa mwisho, mpaka ng'ombe wa nyuma kabisa awe amepita.